Bi Mkubwa Ashuka Ziwani

Asubuhi ya safari Fundi alikuwa amepiga magoti juu ya begi kubwa akihangaika na zipu, na mumewe alikuwa amekaa mezani akitoa alama. Ndani ya begi mlikuwa na mashati sita ya mume, viatu vyake vya kutembelea, redio, dawa za presha, na mto wake wa kulalia, maana hakulalia mito ya watu. Gurudumu moja la begi liling'oka zamani. Nguo za Fundi, magauni mawili, zilikuwa kwenye mfuko alioushona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vya wateja.

Mumewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kazi ilimwachia miaka mitatu nyuma, ila mdomo wake haukupata barua. Mtaani waliendelea kumwita Mwalimu Mkuu, naye aliendelea kusahihisha hata salamu zao. Zamani alikuwa amesoma mahali kwamba anayekwenda kupumzika kwa gari hapumziki, anahamisha uchovu tu. Mwaka ule tena akalifunika gari lake turubai, akawatangazia majirani kwamba yeye na mkewe watakwenda kwa treni na kwa miguu, kama watu wenye akili. Ilibaki kuchagua kituo cha kupumzikia, ziwani au mlimani.

Alikuwa amechora jedwali kwenye daftari: hewa, utulivu, kitanda, chakula, mandhari. Mlima ulipata sitini na nane kwa mia, ziwa sabini na moja. Fundi alichungulia. Upande wa mlima, mbele ya neno chakula, palikuwa pameandikwa: "Kizuri. Siku ya mwisho kilichelewa."

"Siku ya mwisho si ndiyo aliyofariki Bi Mkubwa?" Fundi akauliza.

"Ndiyo maana nikaandika kilichelewa," mumewe akajibu, akapiga mstari kwa rula. "Basi, ni ziwani."

Bi Mkubwa alikuwa mke wa kwanza. Alifia mlimani miaka minane iliyopita, akazikwa hukohuko siku ya Jumanne. Mwalimu Mkuu aliwaambia ndugu kwamba marehemu aliusia hivyo mwenyewe kwa jinsi alivyoupenda ule mlima, na kwamba yeye alibaki kule mpaka Jumapili akimjengea kaburi kwa mikono yake. Nyumbani watu walikaa msibani wakimngoja. Fundi, wakati huo mshonaji wa mtaa wa pili, ndiye aliyewashonea watoto nguo za msiba. Mgane huyo alipokuja baadaye kupunguza kiuno cha suruali, Fundi aliitazama mikono yake akamwonea huruma. Huruma hiyo ilizaa ndoa.

Treni iliondoka kwa wakati. Mwalimu Mkuu alikaa dirishani. Kabla ya saa sita ilisimama kituo cha mlimani, wakapanda watu watatu: askari aliyekuwa likizo, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na Bi Mkubwa. Alikuwa amevaa gauni la kijani lile la kwenye picha ya sebuleni, na miguu yake ilikuwa na udongo mpaka magotini. Alipita katikati ya viti akitazama namba, akasimama walipokaa.

"Hamjambo," akasema.

"Umechelewa," akasema Mwalimu Mkuu, akahamisha gazeti lake.

Fundi alisogea kumpa nafasi. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewashonea wanangu? Mikono ya nguo uliitanua vizuri. Wangekua nazo."

Kondakta alipofika aliigeuza tiketi ya Bi Mkubwa mara mbili. "Hii ni ya miaka minane iliyopita, mama."

"Mlimani hadi ziwani. Haijatobolewa."

Kondakta akaitazama tena, akaona ni kweli, akaitoboa. Akawauliza walio mbele kama kuna mwingine aliyepanda mlimani.

Walishuka alasiri. Kutoka stesheni mpaka nyumba ya wageni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Vijana wa pikipiki walijipanga getini, lakini Mwalimu Mkuu aliwapungia mkono waondoke. Akatangulia, mikono nyuma, akivuta hewa kwa sauti ili isikike kwamba anaivuta. Nyuma yake wake zake wawili walilibeba begi, kila mmoja na mpini wake.

"Lilikuwa zito hivihivi siku ile?" Fundi akauliza.

"Lilizidi. Alikuwa na vitabu." Bi Mkubwa alibadilisha mkono. "Nilipanda na homa. Ngazi mia nne na kumi na mbili. Nilimwomba pikipiki, akasema safari hii ni ya miguu. Siku ya tatu nikalala, sikuamka."

"Na wosia je? Kwamba uzikwe palepale?"

"Wosia gani, mdogo wangu? Mimi niliomba maji."

"Sasa mbona hukurudishwa nyumbani?"

"Kunirudisha kulihitaji gari."

Mbele yao Mwalimu Mkuu aligeuka kuwaambia waache kuzungumza, wasikilize utulivu.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye funguo shingoni, alitoka barazani mikono wazi. "Ah, Mwalimu Mkuu! Karibu tena! Chumba chako kilekile, kinachotazama maji. Mara ile ulikuja peke yako, leo umeleta jamaa."

Alimpa Fundi kitabu cha wageni amwandikie mumewe, kwa kuwa mume alikuwa ameshakaa na kuvua viatu. Fundi alirudisha kurasa nyuma hadi miaka minane. Aliujua mwandiko kabla ya kusoma jina. Mumewe aliingia Jumatano mchana, akatoka Jumapili asubuhi. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Samaki mzuri sana. Shuka safi. Nimepumzika."

Fundi alisoma mara tatu. Alizikumbuka zile siku moja moja, watoto wamekaa mkekani, kila mlango ukilia wanainua shingo. Akaenda na kitabu mpaka kwenye kiti cha mumewe.

"Jumatano ulikuwa hapa."

Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akasoma, akakubali. "Tiketi zilikuwa zimeshakatwa," akasema. "Ungetaka zipotee zote mbili?"

Bi Mkubwa hakuwasikia, au alisikia akapuuza. Alikuwa ameingia majini mpaka magotini, anaosha udongo. Maji yalichafuka hatua chache kumzunguka, kisha yakatulia. Akavuta kiti cha mbao mpaka ukingoni, akakaa, na hakuondoka hapo siku nne.

Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alimwagiza chai. Hakugeuza kichwa. Siku ya pili alimwagiza mto wake ulioachwa chumbani. Hakugeuza kichwa. Mwalimu Mkuu alisema wazi kwamba kifo kimemharibu mwanamke yule, zamani alikuwa msikivu. Baada ya hapo kila alichotaka alimwagiza Fundi, na Fundi alileta, kwa sababu mikono yake iliinuka kabla hajaamua. Aliichukia kwa hilo. Jioni alimtazama mumewe akila samaki. Alikuwa akitoa miiba mmojammoja, bila haraka, anaipanga pembeni mwa sahani kwa urefu. Fundi aliona kwamba mtu huyu angeishi sana.

Asubuhi ya kuondoka alikwenda ukingoni. "Dada, twende nyumbani. Watoto wamekuwa watu wazima, watafurahi."

"Tiketi yangu inaishia hapa."

"Nitakukatia nyingine."

"Nije nifanye nini?" Bi Mkubwa akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Walishikana mikono. Mwalimu Mkuu alikuwa anaita kutoka barabarani.

Jumapili jioni majirani walijaa sebuleni kusikia habari za safari. Dada yake Mwalimu Mkuu, wifi yake Fundi, alipewa kiti kikubwa. Mwalimu Mkuu alieleza faida za kwenda bila gari, akasoma alama, akasema ziwa ameliongeza hadi sabini na nne. Akaongeza kwamba wamemkuta Bi Mkubwa, amewasalimu wote.

"Anaendeleaje?" akauliza jirani mmoja.

"Amenawiri. Ila amekuwa mvivu."

Watu wakatikisa vichwa. Fundi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Aliliweka chini.

"Alimzika Jumanne," akasema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Hakujenga kaburi lolote. Nyinyi mmekaa hapa mnalia na watoto wake, yeye Jumatano yuko ziwani anakula samaki. Mpaka Jumapili. Nimesoma kwa macho yangu, mwandiko wake."

Jirani mmoja aliweka kikombe mezani taratibu. Wifi alimgeukia kaka yake, akamtazama sana, uso umekunjamana.

"Samaki gani?" akauliza.

Mwalimu Mkuu akafungua daftari, akamweleza.