Shahada ya Happy na Shamba la Nusu

Waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, Nazario aliahidiwa shamba la baba yake. Akafika Buhinyuza, akamkuta mtu aitwaye Kasiano analilima. Wakubwa wa serikali wakaja na kamba, wakalikata katikati: nusu yako, nusu yake, peaneni mikono. Mikono wakapeana. Wakubwa ndivyo walivyo, cha mwenzao hukikata kwa ukarimu. Hata mke wa Nazario, Efrazia, alifia kitandani gari la wagonjwa limechukuliwa na mkubwa kwenda harusini.

Sasa binti yao, Happy, mpiga kinanda wa kwaya, alitaka kusomea shahada ya muziki Gitega, miaka mitatu. Ada, chumba na chakula vingelimeza shamba lote. Kasiano alisikia, akasema yuko tayari kununua.

Nazario hakusoma sana, lakini kuuliza hakudai cheti. Alipanda gari mpaka Gitega, akayapita majumba ya wizara bila kuyatazama, akashuka mtaa wa Magarama kwenye duka la vitenge. Huko ndiko alikoambiwa yuko kijana mwenye shahada hiyo.

"Wewe ndiye Amissi wa muziki?"

"Ni mi, mzee. Unatafuta kitenge ama orkestra?"

"Natafuta jibu. Shahada yako inakulisha, au inalishwa na vitenge?"

Mama yake Amissi, Salama, aliyekuwa akipima kitambaa, hakuinua kichwa. "Mujibu, Amissi. Hata mi nilikuwa nangoja hilo jibu."

Amissi akacheka. "Kazi ya serikali haiko, papa. Niliomba kufundisha, wakasema ngoja. Mpaka leo iko nangoja."

"Nilijua," Nazario akasema, karibu na furaha. "Hao ndio wao."

"Usifurahi mbio. Hawanipe kazi, lakini watoto wao ndio nafundisha piano. Na makwaya wananiletea nyimbo niandike noti. Si mshahara wa kila mwezi. Kuna mwezi wa kushiba na mwezi wa kula kwa mama."

"Hiyo miezi ya mama iko mingi," Salama akasema.

Nazario akafikiri kwa njia anayoijua. Kwao, mtu akikupa ng'ombe umchungie, ndama wa kwanza si wako, humrudia mwenye ng'ombe. Lakini mbolea ni yako tangu siku ile ile, na ndiyo inayokuvusha mpaka ndama wako azaliwe.

"Ndama nimemsikia," akasema. "Mbolea ulianza kuipata lini?"

Mtoto wa mjini akamkodolea macho, ikabidi aelezwe kwamba mbolea ni senti za wakati bado anasoma.

"Ah! Mwaka wa kwanza. Kila samedi, yaani Jumamosi, nilipiga kinanda kwa maharusi. Chumba na chakula nilijilipia. Mama alilipa ada tu, ile minerval."

"Na ndiyo iliniuma," akasema Salama.

"Kinanda ungepiga bila shahada."

"Kwa harusi, ndiyo. Kwa nyumba ya mkubwa, kwa geti wanauliza karatasi kwanza."

Nazario aliondoka akitabasamu peke yake barabarani. Basi waliomkatia shamba watamlipa kidogo kidogo, kwa vidole vya Happy.

Nyumbani alimwita binti. "Nikikulipia ada tu, kula na kulala utaweza?"

"Nitaweza, Baba. Harusi za Muyinga mjini tayari wananiita, na Gitega harusi ni nyingi zaidi. Lakini shamba..."

"Shamba niachie mimi."

Jumapili Kasiano akaja na mashahidi na mtungi wa pombe ya ndizi. Buhinyuza, muuzaji akishavuta mrija pamoja na mnunuzi mbele ya mashahidi, shamba limekwenda. Nazario akawakaribisha wote, mrija akauacha mkavu.

"Siuzi, ndugu yangu. Nakukodishia, mpaka Happy amalize. Kila mwaka unalipa mbele."

"Nilikuja kununua. Kisa kinanda, unanifanya mpangaji? Huyo mtoto ataimba njaa."

"Ataimbia walioshiba, nao watalipa."

Mashahidi wakaguna, macho kwenye mtungi. Kasiano akaitazama migomba. Alikuwa na wana wanne wakubwa na nusu shamba, hilo kila mtu alilijua.

"Na migomba?"

"Ndizi zako, migomba yangu. Ukiing'oa nawaita wakubwa waje na kamba yao."

Hapo hata Kasiano alicheka. "Hao tena? Hapana, tuelewane wenyewe."

"Basi toa ya mwaka huu kabla hatujanywa."

Kasiano alijipekua koti polepole, kama mtu anayeng'olewa jino, akatoa fungu la noti. Nazario hakulishika. Alimwita Happy, akamwambia ahesabu mbele ya mashahidi, kwa sauti. Binti alipofika mwisho akaitikia kwa kichwa kwamba ada imetimia, baba yake akainamia mtungi na kuvuta mrija, wa kukodisha, si wa kuuza.