Mama Minyoo na Mipaini ya Ukoo

Sokoni Mkuyuni wananiita Mama Minyoo. Jina langu ni Mwanaheri, nauza ndizi na mdalasini, lakini mwanangu Raya alipokwenda chuo kikuu Morogoro kusomea minyoo ya mimea, wenye midomo yao wakapata la kusema. Watoto wa wenzangu ni manesi na walimu, wa kwangu anachungulia minyoo kwenye darubini. Nilikuwa nakasirika, siwezi kudanganya.

Mwaka huu mipaini ya ukoo wetu ilianza kukauka. Mama yetu aliipanda mlimani kuzunguka makaburi, na kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo ni yangu, ya Raya, na ya binti atakayezaliwa na Raya. Bwana misitu, Godlisten, alipanda akaitazama, akashika kiuno. Akasema kuna mnyoo mmoja ambaye huko nchi za mbali amemaliza misitu, mdogo hata jicho halimwoni, anaingia ndani ya mti na mti unakufa umesimama. Kama ndiye, mlima mzima utakatwa na kuchomwa moto asije akahamia kwa wengine. Nililia mbele yake bila haya.

Aliomba vipande vya mti vipelekwe kwa Raya maabara. Kaka yangu Sufiani, ambaye ndiye mjomba mkuu wa ukoo, alivikata mwenyewe na kuvituma kwa bodaboda. Raya akavilaza kwenye maji, minyoo wakashuka, akawatazama, akamtumia Godlisten majibu, kisha akanipigia simu.

"Mama, minyoo wapo, ila muuaji hayumo. Muuaji ana kitu kama mkuki mdomoni, cha kutobolea mti. Hawa hawana, wanaishi kwenye mti uliooza."

Nilipiga vigelegele pale pale kwenye ndizi zangu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mti unaokauka sasa hivi hauwezi kuwa umeoza namna hii. Mjomba alikata wapi?"

Nilishajua. Pale makaburini hakuna anayegusa mti uliosimama kwa shoka kabla mjomba hajamwaga unga na kuwaomba wazee waliolala pale, na tambiko letu ni baada ya mavuno. Sufiani alikuwa amekata kwenye gogo lililoangushwa na upepo zamani. Aliombwa paini, akatoa paini, wala hakuona kosa. Nikamweleza Raya, kisha nikamsihi.

"Si majibu mazuri, mwanangu? Yaache hivyo hivyo. Godlisten ataridhika nayo."

"Hayo ni majibu ya gogo, mama. Nitamwambia ayafute."

Na kweli akamwambia. Sufiani alikuja kwangu anafoka, ni mtoto gani anakataa kuokoa mali ya mama yake. Sikumtetea mwanangu. Nilimnunia Raya, akipiga simu sipokei.

Basi akaja mwenyewe. Alishuka Mkuyuni, akapanda mlima kwa miguu, kanga kiunoni, moja kwa moja hadi kwa Sufiani, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kutuchomea mlima?"

"Nimekuja kukuomba utuombee kwa wazee. Nahitaji mti uliosimama. Mnyoo akiwemo, moto nitauwasha mimi mwenyewe, na nitalia kuliko ninyi."

Sufiani akaniagiza unga wa mtama. Aliumwaga chini ya mti uliokuwa umekauka nusu, akasema na wazee kwa Kiluguru, halafu akampa Raya shoka. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akipewa shoka pale makaburini. Raya alichukua vipande vya shina, akachimba na mizizi. Ilikuwa imeungua.

Majibu aliyaleta Godlisten, akayasema mbele ya kijiji kizima. Mnyoo hayumo. Moto wa kuandaa mashamba, tena mashamba yetu wenyewe, ulipenya chini ya majani makavu ukaunguza mizizi, na ukungu ukamalizia. Ikatwe iliyokufa pembeni, tuache kuchoma karibu, iliyobaki itapona.

Mtu mmoja wa kijiji jirani akauliza, huyo binti si anawafichia ndugu zake?

"Anayeficha angeyakataa yale majibu ya kwanza?" Godlisten akamjibu, na yule mtu akakaa. Nilimtafuta Raya kwa macho nikashindwa kumwona vizuri kwa machozi.

Juzi amekuja sokoni mzee nisiyemjua, ametoka upande wa Kisaki, amebeba kipande cha paini kwenye gazeti. Anamuulizia mama wa yule mtaalamu. Wauza nyanya wakatazamana, wanaogopa kunitaja kwa jina lile mbele ya mgeni.

Nikasimama. "Mama Minyoo ni mimi," nikasema. "Karibu, baba. Huo mti umeukata umesimama, au umelala?"