Poti ya Ishirini na Nne

Nilikosea tarakimu moja tu, na ofisi nzima ya Qurayyat ikapotea kwenye skrini yangu.

Nilikuwa Qurum, makao makuu ya kampuni ya bima, mwezi wa sita 2004. Kazi yangu ilikuwa kusimamia swichi za matawi, yale masanduku yenye poti, matundu ya nyaya, yanayounganisha kompyuta za ofisi. Nilitaka kuzima poti ya ishirini na tatu, isiyotumika na mtu. Nikazima ya ishirini na nne, ile inayoiunganisha Qurayyat na sisi. Nilikuwa nimejifungia nje na ufunguo uko ndani: amri ya kuifungua ilipaswa kupita poti hiyo hiyo.

Saa nne na nusu mkurugenzi angefungua mafaili ya Qurayyat mbele ya wageni. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na bosi wangu, Bwana Marhoon, hakuwa ametia saini ule mpya.

Dawa ilikuwa moja. Swichi ikizimwa na kuwashwa, husahau kila amri ambayo hukuisevu. Ila vidole vyangu vina kiherehere, mara nyingi husevu kabla sijafikiri. Je, nilisevu? Sikukumbuka, na kwenda kwa gari ni zaidi ya saa nzima. Jasho lilinitoka na kiyoyozi kinavuma.

Nikampigia Mahfoudha, karani wa Qurayyat.

"Bi Mahfoudha, tafadhali, ile swichi ya kabatini. Chomoa waya wake wa umeme, hesabu hadi kumi, rudisha."

"Sigusi."

"Tafadhali. Muda umeniishia."

"Nnasoma karatasi uliyoibandika mwenyewe hapa, Alvin. Atakayegusa ataripotiwa. Na miye nshapata barua ya onyo kwa sanduku hili hili."

Mwezi wa tatu Qurayyat ilikatika vivyo hivyo. Nilikwenda kwa gari, nikaifungua poti, kisha nikarudi na kuandika kwenye ripoti kwamba Mahfoudha alichomoa waya ili achemshe birika la chai. Hakuwa amechomoa kitu. Vidole vilikuwa hivi hivi vyangu, nami niliona aibu kukiri.

"Mpe simu Marhoon," akasema. "Akinambia yeye, ntachomoa. Neno lako silitaki."

Nikaingia kwa Marhoon, simu mkononi. "Boss, nimezima Qurayyat kwa makosa. Mahfoudha hachomoi waya wa swichi mpaka asikie sauti yako."

Alinitazama, akaichukua. "Chomoa, dada. Kwa idhini yangu, khalas."

Nilikaa kwenye kompyuta yake nikipiga hodi kwenye ile swichi. Haijibu. Haijibu. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia mkurugenzi. Saa nne na dakika ishirini na tano ikajibu. Sikuwa nimesevu.

Marhoon alikuwa bado na simu sikioni, akimsikiliza Mahfoudha.

"Anauliza," akasema, "na ile ya mwezi wa tatu, nani alizima?"

Mkataba wangu mpya ulikuwa pale mezani mbele yake. Ningeweza kutaja birika tena, na hakuna ambaye angenikamata. Nikaomba simu.

"Ni mimi, Bi Mahfoudha," nikasema, Marhoon akisikia. "Nilikusingizia."

"Nlijua. Sasa iandike, kama ulivyoiandika ile."

Marhoon akauweka mkataba kando, akanisogezea karatasi tupu.