Mdhamini wa Yorladis

Yorladis Pabón alikuwa amechoka kuandika jina lake mwenyewe. Tangu karakana ya viatu alikofanya kazi ifungwe, kazi yake ilikuwa hiyo tu: kununua fomu ya wasifu kwenye duka la madaftari, kubandika picha, kuandika kwamba anajua kushona ngozi, kisha kuwapelekea watu wasiojibu.

Safari hii walijibu. Hospitali moja hapo mjini Bucaramanga ilitaka mfuaji wa mashuka. Msichana wa ofisini alimwambia, "Wasifu wako mfupi, unasomeka. Tukishampigia mdhamini wako, Jumatatu unaanza."

Mdhamini alikuwa Bi Hermencia, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyemjua tangu akiwa mchanga.

Jumatatu ikafika, simu haikuja. Yorladis akaenda mwenyewe. Yule msichana hakumtazama usoni.

"Mdhamini wako amesema hakujui, na kwamba tumwogope Mungu. Nafasi imeshapata mtu, dada."

Alipanda ngazi za mtaa wao akijikokota. Bi Hermencia alikuwa mlangoni anageuza arepa, vikate vya unga wa mahindi, juu ya jiko.

"Jirani, kuna mtu alikupigia kuniulizia?"

"Alipiga!" Bi Hermencia akajigonga kifua. "Sauti laini, ya kisomi. Eti, 'Unamfahamu Yorladis Pabón?' Nikajua ndio wale matapeli wa simu. Kesho wangeniambia umekamatwa, nitume hela. Mimi? Hawanipati! Nikawaambia simjui, wala mama yake simjui."

"Ilikuwa hospitali, Bi Hermencia. Ilikuwa kazi yangu."

Mwiko ukabaki hewani. "Uuu! Sasa mbona hukuniambia umeniandika?"

Yorladis akaingia, akaketi mezani. Alikuwa amemwandika kwenye kila fomu bila kumwambia. Kumwambia kungekuwa kama kumwomba ruhusa ya kumsalimia.

"Lete namba yao." Bi Hermencia akapiga, akapaza sauti hadi mbwa wakaamka. "Haloo! Huyo Yorladis namjua, nimemwogesha kwa mikono hii! Mrudishieni kazi yake, na mniambie ofisi iko wapi nije..." Akaitazama simu. "Amekata. Kaniona mimi ndiye tapeli."

Yorladis alicheka, na kicheko chenyewe kikamchosha zaidi. Akasogeza sahani pembeni, akatandaza fomu mpya mezani.

"Nikuandike tena?"

"Niandike. Kwa herufi kubwa."

Alikuwa amefika kwenye tarehe ya kuzaliwa simu ilipolia. Bi Hermencia akaidaka.

"Ndiyo, Yorladis namjua! Mchapakazi, hachelewi, haibi!" Akasikiliza kidogo, kisha akaiziba simu kwa kiganja. "Wanauza bima ya mazishi," akanong'ona. "Niwaulize kama wanataka mfanyakazi?"

Yorladis hakuinua kichwa.

"Waulize," akasema, akaendelea kuandika.