Keki Iliyodai Mkaja wa Mama

Jana usiku niliota tumekaa sebuleni kwetu Moshi, tunatazama video ya harusi ya mdogo wangu Aikande kwenye kompyuta ya Shemeji Gaudensi. Mpaka hapo haikuwa ndoto hasa, maana jioni tulikuwa tumekaa hivyo hivyo kweli. Shemeji Gaudensi, mume wa dada yangu, ndiye mtaalamu wetu wa kompyuta. Utaalamu huo aliupata siku alipoinunua.

Jioni ile kilichomkera ni mistari miwili myeusi, mmoja juu ya picha na mwingine chini yake. Kompyuta yake ni ya zamani, kioo chake ni cha mraba, na video ilipigwa kwa upana. Yeye akasema tumepunjwa. "Kioo nimenunua kizima, kwa nini nionyeshwe nusu? Iwe skrini nzima, iwe skrini pana, ni kitu kimoja. Mradi kijae!" Leo asubuhi nilitakiwa kuwatumia nakala shangazi zetu wa Mwanza walioikosa harusi, na shemeji alishaapa kwamba haitatoka nakala yenye mistari ya msiba. Nilikwenda kulala nimefura.

Ndotoni, mistari ile ni mabwana wawili wembamba wenye suti nyeusi. Mmoja amejilaza juu ya picha, mwenzake amejilaza chini. Wanatusalimia. Mimi naitikia, shemeji haitikii.

"Tokeni," anawaambia. "Mnanilia kioo changu."

"Hatuli kitu, mzee," anasema wa juu. "Tunakaa tu pale ambapo picha haifiki."

"Na tukitoka," anaongeza wa chini, "itabidi picha ivutwe ije ikae kwetu. Huwa inavutwa kwa namna mbili, na zote zina lawama."

Shemeji habishani na mistari. Anabonyeza kitufe. Wale mabwana wanajikung'uta makoti na kutoka nje taratibu, na picha inavutwa juu na chini mpaka kanisa zima linarefuka. Bwana harusi, ambaye ni pande la mtu, anakuwa mwembamba kuliko alivyokuwa shuleni. Padri amekuwa mrefu mno, anabariki watu kwa kukisia. Mama mkwe wa Aikande anajitazama kiuno, kisha anatugeukia na kuomba tusiguse kitu tena.

"Si unaona?" anasema shemeji. "Watu wamependeza."

"Shemeji, hawa si watu, ni miwa."

"Wewe kila kitu unakosoa. Haya, ipo namna ya pili."

Anabonyeza tena. Picha inakuja mbele, watu wanarudia maumbo yao na kioo kinajaa pande zote. Nilitaka kumpongeza, kwa kweli. Halafu nikatazama pembeni.

Siku ya harusi mama alikaa mwisho kabisa wa safu, karibu na ukuta, kwa sababu ya mguu wake mbovu. Sasa bega lake moja halipo. Anakivuta kiti kuingia ndani kidogo, na ukingo wa kioo nao unamfuata. Sikio linaondoka, kisha kitambaa cha kichwani.

"Mwanangu," anasema mama kwa upole, "huu ukuta mbona unanisogelea?"

Kabla sijamjibu, hayupo. Na sebule nayo haipo. Tuko kwenye kikao cha ukoo, na mwenyekiti ni Shemeji Gaudensi, ingawa ukoo si wake.

Ajenda ni moja. Upande wa bwana harusi wameleta mkaja, yaani kitenge na blanketi la kumshukuru mama aliyemzaa bibi harusi, na mama wa kukabidhiwa haonekani. Kanuni inasomwa kwa sauti: asiyeonekana kwenye picha hakuhudhuria, na asiyehudhuria si ndugu.

"Mama yupo," nasema. "Yuko nje ya picha. Mmemkata nyinyi."

"Hakuna aliyekatwa," anasema shemeji. "Kioo kimejaa. Mtu anakosaje nafasi na wakati kioo kimejaa?"

Wajumbe wanapiga makofi. Hata mimi mikono yangu inapiga, nikaikemea.

Ndipo keki ya harusi inaposimama, ghorofa zote. "Mimi nimekaa katikati tangu mwanzo mpaka mwisho," inasema. "Hakuna picha ambayo simo. Kwa hiyo mama wa Aikande ni mimi, na mkaja ni wangu."

"Umemzaa lini?" naiuliza.

"Kuzaa ni mambo ya hospitali. Alinikata kwa kisu mbele ya watu wote na sikulia. Huo si umama?"

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anaunga mkono huku majani yakimning'inia mdomoni. Anasema yeye ni mjomba, kwa sababu mjomba naye alikaa pembeni. Hakuna anayempinga. Mjumbe mmoja anasema wanafanana.

Kitenge kinafunguliwa. Aikande anakuja na shela lake, anapiga goti mbele ya keki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," inajibu keki, na sukari inamdondokea begani.

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya wajumbe, na kwa nyuma ya ukingo nikasikia sauti ya mama ikinituliza: "Usigombane nao. Wakienea wao inatosha. Mimi nitakaa huku huku."

Maneno hayo yaliniuma kuliko keki. Ndivyo alivyo mama, hata akitafutwa mtu wa kula mwisho, hujiteua mwenyewe. Nikaivamia kompyuta.

"Unataka skrini nzima au skrini pana?" inaniuliza kwa adabu.

"Nataka ile ambayo mama yangu yumo."

"Hiyo haina kitufe. Hiyo ndiyo ilivyokuja, nyinyi mkaiita hasara. Wafuate wale mabwana."

Nawakuta kibarazani wanakula karanga. Nawaomba warudi.

"Tutaitwa msiba," anasema mmoja.

"Mtaitwa."

"Na shemeji yako?"

"Atanuna."

Anampa mwenzake koti. "Kununiwa tumezoea."

Wanaingia kikaoni bila kubisha hodi. Mmoja anajilaza juu, mwingine chini, wanasukuma kwa migongo. Picha inarudi nyuma. Keki inapungua na kupungua, na sauti yake inakatika ikiwa bado inadai blanketi. Ndafu anarudi kwenye sinia. Kwa pembeni kinaingia kwanza kiti, kisha mguu mbovu, kisha mama mzima, anaomba radhi kwa kuchelewa. Bwana wa juu anamwinamia. "Usikae ukingoni, mama," anamwambia. "Nafasi ipo."

Nikaamka na machozi. Kabla hata ya kunawa uso, niliwatumia shangazi nakala, na mistari yake yote miwili. Shemeji atanuna mpaka Pasaka, shauri yake.

Kisha nikaenda chumbani kumwamkia mama. Tangu baba afariki, mama hulala kwenye ncha ya kitanda, amejikunja, na upande wa baba hauguswi hata shuka lake. Nimemsihi sana ajinyooshe, hataki kusikia. Leo nilimkuta katikati kabisa, chali, mikono ameitandaza huku na huku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alifumbua macho, akajitazama alivyolala, akatazama mlango. "Hivi ni wewe uliyeingia humu usiku?"

"Mimi? Hapana."

"Basi ni nani yule aliyenisogeza?" akauliza mama. "Mwembamba hivi, ana adabu."