Mumi wa Mama Mkwe

Nauza samaki wasioliwa, na nawauzia Kisumu. Nikiwaeleza watu wa kwetu Murang'a wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hapa mjini ndio kabisa. Mtu mzima mwenye akili zake anaingia dukani kwangu karibu na soko la Kibuye, anainama mbele ya kioo, anawatazama wale wa rangi ya dhahabu kwa muda mrefu, kisha ananiuliza kama wana miiba mingi. Hayo nimeyazoea. Nisichozoea ni mteja anayetaka kushindilia samaki ndani ya tangi kama viazi ndani ya gunia. Mimi nauliza kwanza tangi lina ukubwa gani, ndipo tuongee habari ya samaki, na anayebisha namwonyesha mlango.

Frankline hakubisha. Alikuja na kisanduku cha kioo alichonunua kwa wauza mitumba, akasema anataka kuweka fulu. Fulu ni visamaki vya ziwa hili hili. Zamani walijaa tele, mpaka mbuta, yule sangara mkubwa, alipoletwa akawala, na sasa wa rangi nzuri ni wa kutafuta. Nikamwambia dume la fulu likifungiwa na jike mmoja kwenye kisanduku kile litamkimbiza mpaka amuue. Anahitaji tangi refu, mawe ya kujifichia, na dume moja kwa majike kadhaa ili ukorofi wake wagawane. Na asije akachanganya humo samaki mwingine yeyote mwenye mdomo mpana.

"Ni ya bibi yangu, Debra," akasema. "Tumepoteza mtoto tena. Hii ni ya tatu. Hatoki bedroom, Nyar Murang'a. Hakuli. Mimi nimejaribu kila kitu, sasa nimebaki na hii tu. Alipokuwa mdogo alikuwa anacheza na fulu kwa beach."

Nyar Murang'a, binti wa Murang'a, ndivyo wanavyoniita hapa. Siku hiyo ukali wote ulinitoka. Nilimtafutia tangi la futi nne, nikalipeleka mwenyewe nyumbani kwake Otonglo, nikapanga mawe kwa mikono yangu, nikaweka dume moja na majike kadhaa.

Debra akatoka chumbani. Mwanzoni alisimama mlangoni tu, amejifunga leso, kisha akaanza kukaa kwenye kigoda mbele ya tangi. Halafu jike mmoja akabeba. Fulu hubeba mayai yake mdomoni, yanaanguliwa humo humo, na watoto hawatoki mpaka waweze kuogelea. Muda wote huo mama hali kitu. Koo linamvimba, anajificha nyuma ya jiwe, anakonda huku unamwona.

Debra alinipigia simu mwenyewe. "Si atakufa njaa?" akaniuliza. Nikamwambia hafi, amezoea. "Na watoto wataishi wote?" Nikamwambia wakiachwa kwa amani wengi wataishi. Akasema, "Basi akitoa wake, na mimi nitakula." Nilidhani ni maneno tu. Frankline ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mkewe alikuwa anakunywa chai ya rangi na maji, ugali anausogeza pembeni, na kila asubuhi anahesabu kwenye simu yake siku zilizobaki. Frankline alikuwa na hofu isiyo na kifani. Mimi pia nilianza kumwombea samaki kanisani, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa biashara yangu.

Wiki ambayo watoto wa fulu walitarajiwa kutoka, Frankline akapiga simu asubuhi, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mama ya Debra alikuja jana kutoka Luanda Kotieno. Ameletea Debra samaki."

"Samaki gani?"

"Mumi."

Mumi, yule kambare mwenye sharubu, humeza chochote kinachoingia mdomoni, na kisichoingia anakitafuna mapezi.

"Umemweka wapi?"

"Kwa tangi. Mama alikuwa amesimama hapo anaangalia. Ningefanya nini?"

"Ungemwambia hapana, Frankline."

"Yule ni maro, Nyar Murang'a. Mama mkwe. Huwezi kumwambia hapana. Hata kumwangalia kwa macho siwezi vizuri. Amebeba hiyo samaki kwa mtungi kutoka huko mbali." Akavuta pumzi. "Dume hayuko. Wale majike wengine hawako. Aliyebeba bado yuko, lakini mkia imekatika. Na mama, alilala kwa watu wake, anarudi saa hii kumwona Debra kabla aende nyumbani. Akikuta nimetoa mumi, itakuwa nimemfukuza yeye. Debra leo bado hajatoka bedroom, hajaona. Tafadhali kuja. Wewe si mkwe wa mtu hapa."

Nilimtoa mteja aliyekuwa ndani, nikafunga duka, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa namtukana Frankline kimoyomoyo, na adabu zake, na ukoo wake wote. Kwetu mama mkwe tunamheshimu, lakini angalau unaweza kumwambia kitu.

Nilimkuta mama ameshafika. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini, kitambaa kichwani kimefungwa barabara. Frankline alikuwa amesimama upande wa pili wa sebule, ananyonga vidole. Nikaenda moja kwa moja kwenye tangi. Mumi alikuwa anazunguka chini polepole, mrefu kuliko viganja vyangu viwili, ameshiba. Juu, kwenye pembe nyuma ya bomba la pampu, jike la fulu lilikuwa limejibana wima. Mkia ulikuwa nusu. Lakini koo lilikuwa bado limejaa. Niliona vijicho vyeusi vya watoto kupitia ngozi ya kidevu, na nusura nilie kwa furaha.

"Mama," nikasema bila hata kumsalimu sawasawa, "huyu mumi amekula wenzake. Amebaki huyu mmoja, ana watoto mdomoni. Lazima mumi atoke sasa hivi."

Mama akanitazama, akamtazama mumi. "Hiyo? Hiyo ni chambo," akasema. "Mimi nauzia wavuvi hiyo miaka mingi, wanaweka kwa ndoano, mbuta inakuja inakula. Hiyo ni ya kukuliwa. Haiwezi kula samaki ingine." Alikuwa anaelezea kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. "Fulu ingekufia kwa njia. Mumi ndio inaweza kuvumilia safari. Nilichagua ile kubwa."

Kisha akasimama, akaja mpaka kwenye kioo. Aliangalia ule mkia. Aliangalia koo. Mwanamke aliyepasua samaki maisha yake yote hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza Frankline.

Frankline alikuwa ameinamisha kichwa. "Ningekuambia aje, Mama."

Nilikuwa natafuta wavu wangu mfukoni. Nilitaka kwanza nimtenge fulu kwa kioo, taratibu, kisha ndipo nimshike mumi. Kabla sijasema lolote mama alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni, ameuzamisha mpaka kwenye bega, amemnasa mumi nyuma ya kichwa pale miiba yake isipofika. Nasema kweli, sijawahi kuona mtu akimshika samaki vile. Lakini mumi alijipinda, akapiga mkia, jiwe likaanguka, mchanga wote ukapanda. Tangi likawa uji.

Mama akamtumbukiza mumi kwenye ndoo. Tukasimama watatu, maji yanamchuruzika mama mkononi, tunangoja mchanga utue. Nilitamani nichelewe kuona.

Ulipotua, fulu alikuwa pale pale kwenye pembe. Koo lake lilikuwa bapa. Nilipekua kila mahali, chini ya mawe, ndani ya chujio, kwenye pembe zote, nikitumaini amewatema. Hakukuwa na kitu. Samaki mama akishikwa na woga kupita kiasi huwameza. Nalijua hilo, nimewahi kuwaeleza wateja, na sikuwahi kulichukia kama siku ile.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Debra alikuwa amekonda kuliko nilivyomwona mara ya mwisho. Akatazama ndoo, akatazama mkono wa mama yake.

"Bado anao?" akauliza.

Mimi, mwenye mdomo wa kufukuza wateja, nikaangalia sakafu.

"Hana," mama akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata moja, nyathina, mtoto wangu. Ni mimi nilileta ile imekula. Na ni mimi nimemtisha."

Debra hakulia. Akasogea mpaka kwenye kigoda, akakaa. Nilikuwa naogopa ule utulivu wake kuliko kelele yoyote. Kwa kukosa la kufanya, na kwa sababu mikono yangu haiwezi kutulia, nikachukua kopo la chakula, nikanyunyiza kidogo juu ya maji. Fulu akatoka kwenye pembe. Akapanda, mkia wake nusu ukihangaika, akaanza kula. Alikula kwa pupa, punje baada ya punje.

"Anakula," Debra akasema. Sauti yake ilikuwa imejaa hasira. "Anakula aje? Amewasahau?"

"Hajasahau," mama akamwambia. "Ako na njaa."

Debra akaendelea kumwangalia samaki. Mama akapita mbele ya mkwe wake bila kumwomba njia, akapiga magoti sakafuni penye maji, akamshika binti yake kwa ule mkono uliolowa.

"Mama," Debra akasema, akilia sasa. "Hata mimi niko na njaa."