Picha ya Mama Lụa Mbele ya Maji

Mke wangu ana miaka sitini na sita, anamaliza bakuli mbili za supu ya tambi kila asubuhi, na daktari akimpima presha humwambia tu apunguze maneno. Lakini tangu tumzike dada yake mwaka juzi, kazi yake kubwa ni kutafuta picha itakayowekwa kwenye meza ya marehemu, ile ya kuchomea ubani nyumbani, siku atakapokufa.

Kisa ni picha ya huyo dada. Alifariki ghafla, watoto hawakuwa na picha yoyote ya maana, wakaikuza ile ya kitambulisho. Sasa kila tukienda kumchomea ubani, shemeji yangu anatukodolea macho kutoka kwenye fremu kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mke wangu, Mama Lụa, aliitazama mara moja tu, akaapa: "Mimi hamtanifanyia hivi. Yangu naichagua mwenyewe, na nyuma yangu maji yawe yanacheza."

Wenzake pale mjini kwetu Sa Đéc huenda studio, wakakaa mbele ya pazia la buluu, yakaisha. Yeye anataka chemchemi za mijini, zile zinazorusha maji juu katikati ya bustani. Ndiyo maana sisi wazee wawili tunapanda mabasi, gauni lake la hariri limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, tunazunguka miji ya watu kama wapenzi waliotoroka kwao.

Mpiga picha ni mimi. Nilikuwa na studio miaka thelathini na moja, na lile pazia la buluu lilikuwa langu. Nusu ya mji niliwapiga picha za namna hiyo. Mtu anakuja kapendeza, tunataniana, na baada ya muda naiona picha yangu imebebwa mbele ya jeneza. Najua picha haiui. Hata hivyo sikutaka kumpiga yeye, kwa hiyo nilikuwa naziharibu makusudi, na naona haya kusema kwamba nilifanya kwa ufundi mkubwa.

Cần Thơ nilimfikisha saa nane mchana, huku nikijua maji yanafunguliwa jioni. Alikaa ukingoni na hariri yake, akachungulia ndani.

"Baba Lụa, hii ni chemchemi au sinia?"

Sài Gòn maji yalikuwa tele, basi nikamsimamisha mahali maharusi wanapojipanga kupigwa picha, na bibi harusi mmoja akaingia pichani.

"Wajukuu wanichomee ubani mimi pamoja na bibi harusi wa watu?"

"Lakini ni mzuri."

"Mzuri, muoe!"

Katika picha nyingine alikuwa amefumba macho. Nikamwambia hiyo si mbaya, inaendana na kazi yake. Alinipiga kwa mkoba.

Mwezi uliopita tukaenda Đà Lạt. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na yeye akakataa kuvaa sweta juu ya gauni.

"Utaugua."

"Kwenye meza ya marehemu kuna baridi gani?"

Nilimpiga picha nane. Kisha akaninyang'anya simu, akaanza kuzipitia moja moja.

"Ya kwanza kidole. Ya pili kidole. Ya tatu mimi nimeota mti kichwani."

"Macho yangu yamezeeka, Mama Lụa."

"Macho! Jana mgahawani umeona unywele kwenye supu ya meza ya pili!"

Akaja kukaa karibu yangu kwenye ukingo wa bwawa, akashusha sauti.

"Mzee, nusu ya Sa Đéc umewapiga. Hata yule seremala mwenye pua iliyovunjika alitoka kama mchumba. Mimi tu ndiye ninayekushinda?"

"Naogopa," nikasema. "Wote niliowapiga wamekwenda. Nikikupiga vizuri, utakuwa umeshamaliza kujiandaa."

"Wale walikuwa wazee, mume wangu."

"Na sisi je?"

Aliufuta mkono wangu, uliokuwa umelowa kwa manyunyu, akanirudishia simu.

"Piga moja ya kweli," alisema. "Moja tu. Nione."

Nikarudi nyuma hatua sita. Nikapiga goti moja, kama zamani, nikangoja wingu lipite. Yeye alikuwa ameshaanza kuukaza uso kwa ajili ya wajukuu, mara upepo ukageuka, maji yakamwagikia shingoni. Akapiga yowe la ajabu, kisha akacheka kwa mwili mzima, mkono mmoja kifuani. Hapo ndipo nikabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Nilijua kabla hata ya kuitazama, na nilipompelekea simu mikono ilikuwa inanitetemeka vibaya. Machozi pia yalikuwepo, nisifiche.

Mama Lụa aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Nikamwona anatabasamu. Kisha akanitazama mimi, akatazama mikono yangu, halafu akaitazama tena.

"Hapana," alisema. "Maji hayakuruka vizuri."

Akaifuta.

"Wanasema Nha Trang kuna moja kubwa," aliendelea, huku akivaa sweta lake. "Twende mwakani."

"Kweli kabisa," nikasema. "Hayakuruka vizuri hata kidogo."